Prosesa ya Debora na Nira ya Baba

Wiki iliyopita mjukuu wangu Debora alifungua kasha la kompyuta yake mbele yangu, akang'oa feni, akapitisha kidole juu ya kipande cha chuma kilichokuwa chini yake. Kidole kikatoka na uji mzito wa rangi ya majivu. "Usiguse, Babu," alisema. "Hii ni dawa ya kupitisha joto. Ikikauka, mashine inaungua." Mimi nilikuwa nimeshaacha kumsikiliza. Nilikuwa nakitazama kile kidole. Mama yangu alikuwa na kidole cha namna hiyo msimu mmoja wa kilimo, asubuhi na jioni, akimpaka ng'ombe shingoni mafuta ya kondoo yaliyochanganywa na majivu. Ng'ombe yule aliumia kwa sababu yangu.

Nitafika huko. Kwanza niseme tulivyofikia kufungua kasha, maana ilikuwa wiki ya raha, na mtu wa umri wangu hapati wiki kama hizo nyingi.

Debora ana duka la steshenari Shelui, kando ya barabara kuu, pale malori yanapopumzika. Mchana anachapa barua, anatengeneza kadi za harusi na kuunganisha video za sherehe. Jioni vijana wanakuja kucheza gemu ya mpira kwenye kompyuta hiyo hiyo. Mwaka huu mashine ikaanza kuchoka. Video ya harusi moja ilikaa kutwa nzima bwana harusi kanyanyua kipande cha keki na hakifiki mdomoni mwa mkewe. Vijana nao wakalalamika kwamba mpira unapigwa leo, golikipa anaruka kesho. Fundi wa Singida mjini akasema kilichochoka ni prosesa, ndiyo ubongo wenyewe, abadilishe hiyo tu. Akamtumia kwenye simu picha za prosesa mbili, zote zimeshatumika lakini zimepimwa. Moja ilikuwa na kori sita, yaani vichwa sita vya kufanyia kazi, nyingine kumi na mbili.

Kwa siku nne nyumbani hatukuongea kitu kingine. Mimi niliyemaliza kidato cha nne enzi ambazo hata taipureta ya shule tuliiona kupitia dirishani, nilijikuta naamka nikiwaza kori. Nilivaa miwani, nikachora mistari kwenye daftari, prosesa hii huku na ile kule, nikaandika chini yake kila neno ambalo fundi alisema. Sikuelewa nusu yake. Lakini nilikuwa na furaha ya mtoto.

"Shikamoo, Babu. Umeamua?" Debora aliniuliza siku ya nne.

"Marahaba. Kubwa."

"Kwa nini kubwa?"

"Kwa sababu ni kubwa."

Akacheka. "Wewe kila kitu kikubwa. Hata mnofu kwenye bakuli unachagua mkubwa, na meno huna."

"Ninayo matatu, mchumba wangu, na yanafanya kazi kuliko kompyuta yako."

Kisha akakaa karibu yangu akanieleza taratibu. Ile kubwa ingeingia vizuri kwenye soketi yake, hapo hapakuwa na shida. Shida ilikuwa mazabodi, ile bodi pana ambayo kila kitu kinakaa juu yake. Ni ya zamani, na umeme inaoweza kupitisha una kipimo. "Ukiiwekea hii kubwa," alisema, "kitakachochemka ni bodi. Prosesa yenyewe haitaumia. Itakuwa inadai tu, lete umeme, lete umeme, na bodi maskini inajitahidi mpaka inakufa."

"Na vijana wa gemu? Hawataki kubwa?"

"Gemu yao inategemea zaidi kadi ya picha. Kori ni kwa ajili ya video zangu, na sita zinanitosha. Nikichukua kumi na mbili nitakuwa naua bodi ili nijisifu kwa watu."

Akaagiza ya sita. Ilifika na basi, akaifunga mwenyewe, na bwana harusi hatimaye akamlisha mkewe keki. Binti wa miaka ishirini na minne aliona kwa siku nne jambo ambalo mimi, mzee mzima, bado nililikosea. Nilisema kubwa. Nilisema hivyo hivyo nikiwa na miaka kumi na moja, nimesimama mnadani na baba yangu, na moyo unanidunda.

Nyumbani kwetu ni Ulemo. Tulikuwa na plau moja na maksai wawili, na maksai mmoja akafa kwa ndigana, ile homa ya kupe, wakati wa kiangazi. Aliyebaki aliitwa Karani. Baba ndiye aliyempa jina hilo kwa sababu ya mwendo wake, hatua ndogo ndogo safi, kama mtu anayechelea kuchafua viatu. Alikuwa ng'ombe wa kimo cha wastani, mwenye umri, shingo yake imekuwa ngumu kama soli. Hakuhitaji fimbo. Ukifika mwisho wa mstari alikuwa anageuka mwenyewe kabla hujamwambia. Mimi nilimdharau. Niliona ni mzee na mvivu, na nilipotembea mbele yake nimeshika kamba nilikuwa naona aibu watoto wenzangu wakipita.

Baba alikuwa na taratibu zake. Mojawapo ilikuwa hii, kwamba anayetembea mbele ya ng'ombe ndiye anayeulizwa ng'ombe anaponunuliwa. Kwa hiyo kiangazi kile alinichukua. Tulilala njiani kwa shangazi, na kesho yake tukashuka milima ya Sekenke jua likiwa halijakolea, tukafika mnadani vumbi likiwa limeshapanda. Mpaka leo naweza kuuona mnada ule nikifumba macho. Pembe zinagongana, wauzaji wanapiga mluzi, nyama inachomwa upande mmoja, samli inanuka upande mwingine, na kila nilipotazama palikuwa na mgongo wa ng'ombe unaometa. Nilikuwa nimeshika koti la baba kwa nyuma, na nilitaka kukimbia kila upande kwa wakati mmoja.

Baba alitembea kati ya ng'ombe kama mtu anayetembea nyumbani kwake. Hakuuliza mtu. Alimshika mmoja nundu, akamtazama mwingine kwato, akapita kumi bila kugeuza shingo. Haikuchukua muda akawa amesimama kati ya wawili. Wa kwanza alikuwa wa kijivu, mtulivu, kimo chake kama cha Karani. Wa pili alikuwa mwekundu, kijana, kifua kama mlango wa kanisa.

"Wewe ndiye utakayetembea mbele yake," baba alisema. "Yupi?"

"Mwekundu."

"Kwa nini?"

"Ana nguvu, Baba."

Akamtazama yule mwekundu, akamtazama wa kijivu, akanitazama mimi. Nafikiri aliona uso wangu ukiwaka. "Haya," alisema. "Wa kijivu angekuwa rahisi. Huyu itabidi tumpangie nira."

Sikusikia hilo la nira. Nilisikia haya tu. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nyuma ya yule maksai nikimtafutia jina, na tulipofika nyumbani anaitwa Treni. Treni sikuwahi kuiona. Baba aliiona Manyoni, na alinisimulia kwamba ardhi inatetemeka kabla haijaonekana.

Kesho yake baba alileta nira uani. Ilikuwa na tundu moja katikati, mahali pini ya chuma inapopita kushika pete ya mnyororo wa plau. Akatia nondo kwenye moto mpaka ikawa nyekundu, akatoboa tundu jingine upande mmoja wa lile la katikati, umbali wa vidole vinne, na jingine upande wa pili. Moshi wa mti ulituumiza macho. Akachomeka pini kwenye tundu lililokuwa karibu na upande wa Treni. "Hapa ndipo atakapobeba," alisema. "Mwenye nguvu akae karibu na mzigo." Alilisema mara moja, kama alivyosema mambo yake yote, na mimi nilitikisa kichwa bila kuelewa kitu.

Mvua ya kwanza iliponyesha tuliingia shambani. Siku mbili za mwanzo zilinitia hasira. Nilitembea mbele nikigeuka nyuma kila mara, na nilichoona ni hiki: Treni wangu anatoka jasho, povu mdomoni, mbavu zinapanda na kushuka, na Karani anatembea na vihatua vyake kama anakwenda kuchukua mshahara. Kwa akili yangu, baba alikuwa amemwonea Treni. Alikuwa amesogeza pini ili Karani mvivu aonekane naye anafanya kazi. Shuleni mwalimu alikuwa ametufundisha kugawa, na nilijua kwamba haki ya wawili ni katikati. Tena nilitaka kuona. Hilo ndilo kubwa zaidi, na silifichi. Nilitaka Treni afunguliwe, nione ataendaje, wenzangu nao waone.

Jioni ya siku ya pili baba alichomoa pini kutoa mnyororo, akaichomeka tena kwenye tundu la upande wa Treni, akanituma niingize nira ndani. Nilichomoa pini, nikairudisha kwenye tundu la katikati. Kazi ya kupepesa jicho.

Tulikuwa tukifunga ng'ombe alfajiri, kabla ya kupambazuka, ili tulime wakati wa baridi. Baba alifunga nira kwa kupapasa, kama kila siku. Na niseme ukweli, saa mbili za mwanzo za asubuhi ile ni kati ya saa tamu nilizowahi kuishi. Treni alikwenda. Udongo mwekundu ulikuwa unapinduka nyuma yetu kama mkate unaokatwa, nilikuwa nakimbia badala ya kutembea, baba nyuma anacheka, anasema, "Leo mmekula nini nyie?" Watoto wawili waliokuwa wanakwenda shule walisimama kando ya shamba kutazama. Nilijifanya siwaoni.

Karani hakulalamika. Ng'ombe wa namna yake halalamiki. Alikuwa anavutwa kwa kichwa, nira inamlalia shingoni kwa mshazari, na kila Treni alipojitupa mbele yeye alipigwa nyuma, na akaendelea kupiga hatua zake, sasa ndefu kuliko alivyozoea. Kwenye mstari sijui wa ngapi kamba ikawa nzito mkononi mwangu. Nikageuka. Karani alikuwa amepiga magoti. Akajaribu kuinuka, akapiga magoti tena, kisha akalala na nira yake, na ngozi ya shingo ilikuwa imechanika kipande cha upana wa kiganja.

Baba aliwafungua. Kisha akainama juu ya nira, na jua sasa lilikuwa limetoka, akaiona pini. Mimi nilikuwa nasubiri kipigo. Nilikuwa nimeshajikunyata.

"Nilihamisha," alisema polepole, kwa Kinyiramba, kama anaongea na mtu mwingine. "Au nilidhani nimehamisha?"

Akajipapasa kipaji cha uso. Hakunitazama. Haikumwingia akilini kwamba mtoto anaweza kuigusa nira. Nilifungua mdomo, na nikaufunga.

Karani hakulima tena msimu ule. Mama alimpaka ule mchanganyiko wake wa mafuta na majivu, sisi wote tukashika majembe ya mkono, na sehemu kubwa ya shamba ilikauka kabla hatujaifikia. Tulivuna uwele kidogo. Lakini njaa ya mwaka ule siyo inayonisumbua. Njaa ilipita.

Karani alipopona na kufungwa tena, msimu uliofuata, baba aliniita asubuhi ya kwanza. "Njoo uniangalizie pini," alisema. "Iko upande wa Treni?" Nikaenda mbio. Nikaangalia, nikasema iko. Akashukuru. Baba yangu alinishukuru. Kesho yake akaniita tena. Kisha haikuwa pini peke yake. "Niangalizie kama mbegu hii ndiyo ile niliyochagua jana." "Hebu kaone kama nimefunga zizi." Mama akisikia alikuwa anasema, "Baba nanihii, zizi umefunga sasa hivi, nimekuona kwa macho yangu." Na baba anajibu, "Acha akaone." Nami nilishatoka.

Wenzangu mnaosoma hili, nataka mnielewe vizuri. Nilikuwa na furaha. Nilidhani nimekua. Nilidhani baba ameona ndani yangu akili ambayo kaka na binamu zangu hawana, na ndiyo maana hafanyi jambo bila kuniuliza. Nilitembea kijijini kama mwenyekiti. Shuleni niliwaambia wenzangu, "Kwetu mzee anaamua nikishasema mimi," na ilikuwa kweli. Miaka yote ile, tangu shule ya msingi mpaka nilipomaliza sekondari na kurudi nyumbani, niliishi nikila heshima ile kila siku, na sikuwahi kujiuliza inatoka wapi. Na pini niliyoihamisha nilikuwa nimeisahau. Mtoto anaweza kusahau kitu kama hicho. Mkubwa hawezi, na baba alikuwa mkubwa.

Nilipomaliza kidato cha nne Treni naye alikuwa amezeeka, tukaenda mnadani kutafuta mwingine. Mlima ule ule, vumbi lile lile. Nilichelewa kidogo, nilikuwa nimekutana na kijana tuliyesoma naye, na nilipofika kwenye ng'ombe nilimkuta baba amesimama pembeni, mikono nyuma. Hakuwa kati ya ng'ombe. Alikuwa kando ya uzio, kama mgeni. Wauzaji wawili walikuwa wanamtania.

"Mzee, huyu dume amekusubiri mpaka ameota mvi. Unachukua huchukui?"

"Namsubiri mwanangu."

"Mzee mzima unasubiri mtoto akuchagulie ng'ombe? Si ndiye wewe, zamani ulikuwa unakuja hapa unanyoosha kidole tu na kuondoka?"

Baba alitabasamu. Hakukasirika. Alisema kama mtu anayetaja kilema chake ambacho ameshakizoea. "Zamani, ndiyo. Kichwa hiki kiliniangusha siku moja. Niliua kazi ya msimu mzima kwa kusahau pini. Tangu hapo sikiamini."

Nilisimama nyuma yake hatua tatu, nimevaa shati la shule lililobaki, na miaka yote ya niangalizie, niangalizie, ikajipanga mbele yangu na kunitazama. Ningeweza kunyamaza. Nilishafanya hivyo mara moja na ilinilipa vizuri. Na kama ningesema, ningekuwa nani? Nilijua hilo pale pale, kabla sijafungua mdomo, kwamba nikisema hataniuliza tena.

"Baba," nilisema. "Hukusahau."

Akageuka.

"Pini niliihamisha mimi. Jioni, uliponituma niingize nira. Niliirudisha katikati."

Baba alinitazama.

"Nilikuwa nimeiweka upande wa Treni," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Tundu la upande wa Treni."

"Ndiyo. Nilikuona ukiiweka. Nami nikaitoa."

Nilitegemea fimbo, au laana. Baba alishusha pumzi, ndefu, kama maksai anayevuliwa nira, na mabega yake yakashuka nayo. Akanipa koti lake nishike. Akaingia kati ya ng'ombe. Alikuwa na mvi tayari, na alitembea mle ndani kama kijana, akashika nundu, akainua kwato, akawasukuma wengine kwa kiwiko, na watu walianza kugeuka kumtazama. Moyo wangu ulikuwa unakwenda mbio kuliko siku ile ya Treni. Haikuchukua muda. Alinyoosha kidole kwa ng'ombe wa rangi ya maziwa ambaye mimi nisingemtazama mara mbili.

"Huyu."

"Hatumuulizi kijana?" muuzaji alisema.

"Kijana ni wa kuswaga," baba alisema.

Nikaswaga. Baba alitangulia njia nzima, akiongea, akinionyesha kilima hiki na mto ule, akicheka peke yake. Hakunigombeza kamwe, si siku hiyo wala baadaye. Aliishi miaka minne tu baada ya hapo. Mara nyingi nimejumlisha ile mingine, iliyotangulia, ambayo mtu mwenye kichwa kizima aliishi akikishuku, na hakuna namna ninavyoijumlisha ikapungua.

Siku tuliyofika na yule ng'ombe jua lilikuwa linazama. Baba alimwingiza zizini, akapanga magogo mlangoni, akaja akanawa mikono. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda mlangoni, nimeshajiweka tayari kuinuka. Alinipita, akavuta sinia la ugali, akaanza kula kwa haraka, kwa hamu, na mama akamwongeza. Niliendelea kukaa pale mlangoni nikisubiri anitume kuangalia zizi.